Shule Zikifungwa, Damu Hupungua

Kama umewahi kuuguza, kauli hii unaijua: "Mgonjwa wenu anahitaji damu, tafuteni ndugu waje wachangie." Simu zinaanza. Shemeji yuko safarini, mjomba ana sukari, binamu anasema yuko njiani, na njia haiishi. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua anaweza kufariki ndani ya saa 2. Hana muda wa kumngoja binamu.

Aliyemtangulia binamu, mara nyingi, ni mwanafunzi. Gari la mpango wa taifa wa Damu Salama likiingia shuleni, vijana waliotimiza miaka 18 hupanga foleni na sare zao, wakitaniana nani atazimia. Shule zikifungwa, akiba hushuka, na wala hailimbikizwi kama mahindi ghalani: chembe nyekundu hukaa kwenye jokofu wiki 5 au 6, chembe sahani siku chache tu. Sisi wenye mishahara na vitambi tumewaachia vijana hawa kazi hii. Nasema "sisi" kwa haya. Nami nilichelewa miaka mingi, kisa sindano.

James Harrison wa Australia naye aliogopa sindano. Akiwa na miaka 14 alipasuliwa kifua, akapona kwa damu ya watu asiowajua. Alianza kuchangia mwaka 1954, akaacha 2018 baada ya mara 1,173, na kila mara aligeuza uso sindano ikiingia. Damu yake ilikuwa na kingamwili adimu ya kutengenezea dawa wanayopewa akina mama wenye kundi la damu hasi ili miili yao isishambulie damu ya watoto walio tumboni. Watoto waliofaidika hukadiriwa kuwa milioni 2.4.

Wewe huombwi mara 1,173. Uwe na miaka 18 hadi 65, kilo 50 au zaidi, na afya njema; mwanamume kila miezi 3, mwanamke kila miezi 4. Kula kwanza, kunywa maji. Utatobolewa kidole kupimwa wingi wa damu, kisha ulale, ukunje ngumi na kuikunjua. Dakika kumi hivi, chupa imejaa (twaiita chupa, ingawa ni mfuko), kama mililita 450. Unapewa soda na biskuti.

Likizo imekaribia. Jumamosi hii mpitie jirani mmoja, mwende pamoja kwenye kituo cha damu kilicho karibu au hospitali ya mkoa. Mwoga atazame ukutani.