Kuteleza si Kuanguka

Muhula uliopita, katika mchezo wa mpira wa pete baina yetu na shule jirani, nilipewa mpira chini ya goli katika dakika ya mwisho. Tulikuwa nyuma kwa goli moja tu. Nilirusha, mpira ukagonga chuma ukatoka nje, na filimbi ikalia. Katika gari la kurudi shuleni hakuna aliyetaka kuketi nami. Kesho yake nilimwendea mwalimu wa michezo nikamwomba anivue ukepteni. Nilipokwenda likizo Mama alifurahi, akasema, "Afadhali, mwanangu. Sasa utashika vitabu."

Leo nataka kusema kwamba sote tulikosea: mimi, wenzangu, na hata Mama, ingawa nasema hivyo kwa heshima. Shahidi wangu ni mwanamke wa Uskoti aitwaye Eve Muirhead.

Mwanamke huyu alizaliwa mwaka 1990, akakulia katika shamba la kondoo, na kazi iliyompa jina ni mchezo wa barafuni uitwao kalingi. Wasomaji wengi hawajauona, basi nitaueleza kwa ufupi. Kila upande una wachezaji wanne. Kila mmoja husukuma mawe mawili, na jiwe lina uzito wa kilo 20 hivi, limechongwa kwa mwamba mgumu wa matale. Jiwe huteleza juu ya barafu kuelekea duara lililochorwa upande wa pili, na wenzake wawili hukimbia mbele yake wakisugua barafu kwa fagio ili lifike mbali na lisipinde mno. Mawe ya mwisho, ambayo mara nyingi huamua mchezo, kwa desturi husukumwa na kepteni.

Eve alikuwa kepteni. Mwaka 2013 alishinda ubingwa wa dunia, na mwaka 2014 huko Sochi, Urusi, timu yake ilipata nishani ya shaba ya Olimpiki kwa kuishinda Uswisi 6 kwa 5. Lakini mwaka 2018 huko Pyeongchang, Korea Kusini, mambo yaligeuka. Walikuwa wakigombea shaba na Japani, na jiwe la mwisho lilikuwa mkononi mwake. Lingalikaa vema, wangalishinda. Halikukaa vema. Japani ikashinda 5 kwa 3, dunia nzima ikitazama.

Baada ya hapo alipasuliwa nyonga. Mwaka 2021 timu yake ilishindwa kupata nafasi ya Olimpiki katika mashindano ya dunia, ikabidi waitafute tena mwezi wa Desemba huko Uholanzi, mlango ukiwa karibu kufungwa. Wakaipata. Huko Beijing, Februari 2022, walishindwa mara 4 katika michezo 9 ya kwanza. Katika nusu fainali Sweden waliwafunga pointi 4 mwanzo kabisa. Wao wakavumilia, wakashinda 12 kwa 11. Na katika fainali walikutana na nani? Japani, chini ya kepteni yule yule wa mwaka 2018. Safari hii walishinda 10 kwa 3, wakapata dhahabu. Mwezi wa Agosti mwaka ule ule Eve aliacha kushindana.

Sisemi kwamba kila arudiye uwanjani atapata dhahabu. La hasha! Wengi hurudi na kushindwa tena. Nasema kwamba anayekubali kushika jiwe la mwisho anabeba mzigo wa wenzake wote, na akikosa, si haki kumwachia aibu peke yake. Magoli mengine tuliyoyakosa siku ile tuliyakosa sote. Langu lilikuwa la mwisho tu.

Kwa wazazi nasema hivi: msidhani mchezo ni adui wa kitabu. Mwaka huu sisi wa kidato cha nne tutafanya mtihani mkubwa, na yuko atakayekuta swali la kwanza limemshinda. Je, ni nani atakayetulia akaendelea na la pili? Ni yule aliyekwisha kujifunza kukosa mbele za watu bila kukimbia. Mimi nilikimbia, na tangu hapo hata darasani nimekuwa naogopa kuinua mkono.

Wiki iliyopita nilimwendea tena mwalimu wa michezo. Ukepteni amekwisha kupewa mwingine, na sikuudai. Niliomba nafasi ya kucheza tu, naye akanikubalia. Muhula ujao tutacheza tena na shule ile ile. Huenda nikakosa tena. Nawaomba wenzangu jambo moja: nikikosa, mniwekee nafasi garini.