Chai ya majani si dozi ya malaria

Zanzibar ilianza kutumia dawa mseto mwaka 2003, na malaria imepungua sana Unguja na Pemba. Asili ya dawa hiyo ni mmea wa Artemisia annua. Basi wapo wazazi wanaouliza: kwa nini nisimchemshie mwanangu majani tu?

Jibu limo ndani ya jani. Maabara husaga majani, huvunja seli kwa kitu kinachofanya kazi kama sabuni, kisha humimina spiriti baridi. DNA hujitenga kama nyuzi nyeupe. Kwa kuzisoma, watafiti wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, walichapisha mwaka 2010 ramani ya vinasaba vya mmea huo, ili zipatikane mbegu zenye dawa nyingi. Kumbe miche haifanani. Huwezi kujua kikombe kimempa mtoto dawa kiasi gani, na uchungu wa chai si kipimo. Shirika la Afya Duniani haliiungi mkono.

Dozi pungufu huacha vimelea hai, na vimelea vyenye dalili za usugu vimeshaonekana Kagera. Mtoto akipata homa, awe Wete au Mkoani, apimwe siku hiyo hiyo. Akikutwa na malaria, vidonge vya siku tatu avimalize hata kama ameshaanza kucheza.