Diski Iliyojaa Gemu Siyo Bekapu

Wadau mnaouza PS used mtandaoni, leo tuambiane ukweli. Tangazo la "PS4 kali, ina eksteno 1TB, gemu na bekapu zote zipo" linatuharibia jina. Eksteno ya gemu ni stoo tu. Bekapu ni kitu kingine.

Tangu Machi 2017, PS4 inakubali diski ya nje ya USB 3.0, kuanzia 250GB mpaka 8TB. Ukiichomeka inaifomati kwa mtindo wake, kisha gemu zinakaa humo. Lakini sevu za mteja hazikai humo, zinabaki ndani ya mashine. Sasa mwanachuo wa hosteli za Mabibo kakuletea PS4 yake abadilishe kwa kuongeza hela. Wewe unaifuta, unamrudishia eksteno, unamwambia kila kitu kipo. Kama halipii PS Plus, misimu yake yote ya mpira imekwenda. Gemu atashusha upya, sevu hairudi.

Najua kuna atakayesema, "Mimi nauza mashine, hayo ni ya mteja." Hapana, bosi. Mteja hajui, wewe unajua. Ndiyo maana kaja kwako.

Kabla hujafuta mashine ya mtu, fanya hivi:

1. Mwambie aje na flashi yake, iwe FAT32 au exFAT. Ingia kwenye setingi, nakili sevu zake. Eksteno ya gemu haiwezi kufanya kazi hii, kwa hiyo usiiguse.

2. Kama ni PS5, mwambie mapema: sevu za gemu za PS5 haziendi kwenye USB kabisa. Ni PS Plus, au kuhamisha PS5 moja kwenda nyingine kwa mtandao. Na gemu ya PS5 ukiiweka kwenye eksteno inahifadhiwa tu, haichezeki humo.

3. Gemu za kushusha zimefungwa kwenye akaunti iliyonunua. Usiuze eksteno "imejaa gemu" halafu kesho ukatoa akaunti yako. Huo ni utapeli, hata kama mteja hajakushtukia.

Kwangu mimi, kunakili sevu isitozwe hata mia. Flashi ni yake, muda ni mdogo. Mwanachuo mmoja aliyeondoka na sevu zake salama atawaambia chumba kizima. Aliyepoteza atawaambia hosteli nzima.

Biashara njema. Mtumie mwenzako anayeuza PS.