Kijana Anataka Kuacha Pombe: Tumpeleke Wapi?



Ndugu zangu Waislamu, mwezi uliopita mama mmoja wa hapa Rumonge alinijia nyumbani usiku, baada ya swala ya Isha, ili watu wasimwone. Mwanawe ni mvuvi. Anakunywa, na sasa mwenyewe anasema amechoka, anataka kuacha. Mama akaniuliza: "Nimpeleke wapi?" Nilikaa kimya. Tunazo darsa za watoto, tuna vyama vya kuzikana, tuna michango ya harusi. Kwa mtu anayetaka kuacha pombe sikuwa na jibu ila lile la kawaida, kwamba asali sana.

Tunapenda kusema Muislamu hanywi. Ndivyo inavyotakiwa, lakini sote tunaishi hapa na tuna macho. Kutoka Bujumbura mpaka Nyanza-Lac, kabare haziko mbali na mialo. Kuna bia, kuna urwagwa, na kuna kanyanga ya kificho ambayo ndiyo mbaya zaidi. Wavuvi wa ndagala hufanya kazi usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu taa haivuti samaki, kwa hiyo mitumbwi hukaa ufukweni siku kadhaa. Kijana ana pesa kidogo mfukoni, hana kazi, na usiku hana usingizi kwa kuwa amezoea kukesha. Siku hizo ndizo zinazomwangusha.

Huyu kijana pia alikuwa ameacha kuja msikitini. Alisikia kwamba anayekunywa pombe haikubaliwi swala yake siku 40, akaona basi hakuna haja ya kusali. Hadithi hiyo ipo, lakini hakufafanuliwa. Wanavyuoni, akiwemo Imam Nawawi, wameeleza kwamba anayepungukiwa ni thawabu. Faradhi iko palepale, lazima asali, na mlango wa toba uko wazi. Sisi tulimpa nusu ya somo, kisha tukamlaumu kwa kupotea.

Katika Bukhari kuna habari ya Sahaba aliyeitwa Abdullah, kwa jina la utani Himar, aliyekuwa akimchekesha Mtume (S.A.W.). Aliletwa kwa kosa la ulevi zaidi ya mara moja, na aliadhibiwa. Mtu mmoja alipomlaani, Mtume alimkataza, akashuhudia kuwa mtu yule anampenda Allah na Mtume Wake. Riwaya nyingine inakataza kumsaidia shetani dhidi ya ndugu yetu. Zingatieni: hukumu ilipita, na bado hakufukuzwa kwenye jamaa. Sisi hapa hatuhukumu wala hatupokei, tunanong'ona tu.

Sasa wenzetu wamefanya nini? Mwaka 1935 huko Akron, Marekani, walevi wawili, mmoja wao daktari, walianza kukutana ili kusaidiana wasinywe. Ndiyo chanzo cha Alcoholics Anonymous, ambayo leo ina vikundi katika nchi nyingi. Hakuna ada, na jina la mtu halitoki nje. Mwaka 1951 wake za walevi wakaanzisha kikundi chao, Al-Anon, kwa sababu nyumba nzima huumia. Kisha mwaka 1989 Waislamu wa Baltimore wakaziweka zile hatua 12 katika misingi ya Uislamu, wakakiita kikundi Millati Islami. Na kwa ndugu zetu wa Zanzibar ziko nyumba za upataji nafuu zinazotumia hatua hizo hizo, ingawa huko tatizo kubwa ni heroini.

Kinachosaidia katika vikao hivyo hata sisi tunakiweza: aliyeacha jana anamsikiliza aliyeacha mwaka jana. Sheikh hawezi kushika nafasi hiyo, kwa kuwa hajawahi kuamka mikono ikitetemeka.

Na hapa pana jambo la hatari. Mtu aliyekunywa kila siku kwa miaka, akiacha ghafla anaweza kutetemeka, kuona vitu visivyokuwepo, kuanguka kama mwenye kifafa, hata kufa. Msimfungie chumbani mkamsomea tu. Kisomo ni kizuri, lakini kwanza apelekwe hospitali. Bujumbura, kiasi cha kilomita 70 kutoka hapa, kuna kituo cha magonjwa ya akili cha Kamenge. Kinaendeshwa na mafrera Wakatoliki, na kutibiwa huko hakumtoi mtu katika Uislamu.

Rai yangu ni hii. Tuanze na watu watatu au wanne, katika zile siku za mbalamwezi mitumbwi inapopumzika, baada ya Alasiri. Wakutane nyumbani kwa mtu mzima anayejua kufunga mdomo, maana mlango wa msikiti unaonekana na mtaa mzima. Chai iwepo. Kusiwe na mawaidha marefu, wala daftari la majina. Akina mama wawe na kikao chao, siku nyingine. Kijana akirudi kunywa asifukuzwe, aje tena mwezi unaofuata.

Mimi nyumba ninayo, na chai nitapika. Yule mama nimemwambia aje na mwanawe. Anayejua mtu aliyekwisha kuacha, hata kama ni wa Nyanza-Lac au Buyenzi, amwombe aje akae nasi, kwa sababu huyo ndiye tunayemkosa.

Wassalaam alaykum.