Kibanja kisiuzwe kwa ada ya mwaka mmoja
Mzazi wa Kashai, mtoto akikuletea orodha ya vyuo, usitazame ada peke yake. Akienda Dar es Salaam au Dodoma kuna chumba, chakula na nauli. Kaeni pamoja, mwandike gharama zote, kisha mjiulize: Bodi ya Mikopo ikitoa nusu tu, tutaweza? Kama hamtaweza, wekeni pia chuo mnachokimudu. Chuo Kikuu Huria kina kituo Bukoba. Mtoto husoma huku akilala nyumbani. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA mapema, kabla dirisha la mkopo halijafungwa. Na usiuze kibanja kulipia mwaka wa kwanza. Shahada ni miaka 3 au zaidi. Mwaka wa pili utauza nini?