Kuchimba tuchimbe sisi, kuandika waandike wao?

Najua nimepotea, Durban na shughuli zake. Leo nimerudi na hasira, mnivumilie.

Kama kilomita 40 kaskazini mwa hapa, juu ya mto uThongathi, kuna pango linaitwa Sibhudu. Mwaka 2024 UNESCO waliliingiza kwenye Urithi wa Dunia. Miaka 77,000 iliyopita watu walitandika majani humo wakalala! Nikampigia binamu, nikasema natamani vijana wetu wafundishwe akiolojia. Akacheka: "Kuchimba udongo nako kunataka shule?"

Binamu, nakujibu hapa hapa mbele ya watu.

Kamoya Kimeu alikuwa Mkenya aliyeishia shule ya msingi. Alianza kazi kwa akina Leakey mwaka 1960. Mwaka 1964 akaokota taya la kale Peninj, Ziwa Natron, kwetu kabisa. Agosti 1984, huko Nariokotome, Turkana, katikati ya kokoto akaona kakipande ka fuvu, rangi ile ile ya kokoto. Wewe ungekapita. Ndipo wakafukua mifupa ya mtoto wa kiume wa miaka kama milioni 1.5 iliyopita, karibu mwili mzima. Makala ya kisayansi ikatoka 1985 kwenye jarida la Nature, waandishi wanne. Kamoya hayumo.

Sisemi hakuheshimiwa. Mwaka huo huo Reagan alimpa medali Ikulu ya Marekani. Udaktari wa heshima ukaja 2021, mwaka mmoja kabla hajafariki. Lakini miaka yote ile, jicho lile si lingesomeshwa?

Mimi mwenyewe nilishika chekeche misimu miwili kabla sijaja huku, kwenye mradi ambao siutaji. "Lete ndoo, peleka ndoo." Hakuna aliyetuonyesha jinsi ya kuchora tabaka za udongo, wala daftari hatukuruhusiwa kuligusa. Msimu ukaisha, tukapewa posho, kwaherini. Kumbe kwenye maombi yao ya fedha waliandika "ushirikiano na wenyeji". Ushirikiano wa ndoo huo!

Na wasomi wetu wenyewe nao wamo, tena wengine wanafoka kuliko wageni.

Mdogo wangu kaniambia kuna watu wanatafuta vibarua msimu ujao. Nenda, mdogo wangu. Ila siku ya kwanza tu uliza: daftari anaandika nani, na lini utafundishwa wewe? Wakinuna, niandikie.

Binamu, ukipata vocha nipigie tubishane.