Gripe inaua bantu ngapi? Ku Panzi walitoa hesabu tatu

Mu Desemba 2024, ugonjwa usiokuwa na jina ulikuwa unaua bantu mu zoni ya afya ya Panzi, jimbo la Kwango. Wakubwa ba jimbo walisema bafu walikuwa mpaka 143. Waziri wa Afya, Roger Kamba, alisema 71. OMS iliandika 31.

Nani alidanganya? Mimi naona hakuna. Mu ile 71 ya waziri, bantu 27 walikufia ku lopitalo, 44 ku nyumba. Mwenye kuhesabu karatasi za lopitalo anapata kidogo. Mwenye kuuliza mu vijiji anapata mingi, lakini anaweza kuchanganya bafu ba magonjwa mengine. Kisha vipimo vikaonyesha malaria, pamoja na gripe na virusi vingine vya kifua, mu miili ya batoto wenye njaa. Mtoto wa namna ile, kifo chake utakiandika ku gripe ao ku malaria?

Hata kwenye mashini ziko mingi, hesabu inasumbuaka. Mtu anashikwa na gripe, kisha juma mbili anakufa na mapafu ao moyo, na karatasi haisemi gripe. Njo maana Ufaransa wanalinganisha vifo vya kila juma na vile vya kawaida. Vile vinazidi mu majira ya gripe, wanakadiria sehemu ya gripe. Kwa 2016-2017 walipata karibu 14 400. Marekani, kwa 2017-2018, walitangaza karibu 80 000, wakashusha 61 000, kisha 52 000. Hakuna mufu aliyefufuka: karatasi zilichelewa kufika, basi.

Sisi je? Mara ya mwisho leta kuhesabu bantu ba Kongo ilikuwa 1984. Bantu wengi wanazikwa bila kuandikwa ku leta. Juma ya kawaida utaijua namna gani?

Na ku karieri, mwenye kukula vumbi miaka kumi iko na mapafu ya kuchoka mbele gripe haijafika. Akikufa, tunasema tu «kifua». Lakini oksijeni na dawa zinatumwaka kufuata hesabu.

Baba, mama, kama mtu anakufia ku nyumba, mumwambie muganga wa senta ya afya: umri wake, siku alianza kukohoa, kama alikuwa na homa, kazi alifanyaka. Ile 44 ya Kwango haikutoka mu karatasi ya lopitalo.